Kilemba cha Ukoka kwa Pawasaplai ya Bure

Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ninayemsifu leo hana la kuharibika, maana tembo lake lilikuwa maji matupu tangu juu ya mnazi, kabla hajasifiwa na yeyote. Naisifu pawasaplai. Sisemi zile nzito kama tofali, zenye dhamana ya miaka kumi na nyaya zilizovikwa soksi nyeusi. Hizo zina wasemaji wao. Nasema ile inayokuja bure ndani ya kasha la kompyuta, imekazwa kwa skrubu nne, haina jina ulilowahi kulisikia, na ubavuni imebandikwa stika inayosema wati 600.

Nilikutana nayo kwa sababu ya mpwa wangu. Mwaka 2023 alinijia na daftari mkononi. Alikuwa akifanya kazi kwenye steshenari moja karibu na chuo, kuprinti na kutoa kopi, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa amedunduliza shilingi milioni moja na laki nne. "Anko," akaniambia, "nataka kuunda mashine yangu mwenyewe ya gemu." Mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta katika ukoo, cheo nilichokipata siku nilipoizima na kuiwasha printa ya shemeji yangu ikapona.

Kuchagua vifaa vya kompyuta ya kwanza hakuna tofauti na kamati ya harusi. Vikao haviishi. Kila mjumbe ana maoni juu ya bibi harusi, ambaye ni kadi ya grafiki, maana ndiye anayetazamwa na ndiye anayekula michango. Bwana harusi, yaani prosesa, anaulizwa ukoo wake, Intel au AMD, na hapo watu waliocheza pamoja utotoni wanaweza kununiana wiki nzima. Ukumbi sharti uwe na kioo ubavuni. Taa sharti zibadilike rangi. Tulikaa vikao vya namna hiyo wiki tatu, sebuleni kwangu na kwenye simu, na hakuna mjumbe aliyenyoosha mkono kuuliza habari za jenereta.

Orodha yenyewe ilikuwa nzuri, sioni haya kuisema. Ryzen 5 5600. Mazabodi ya B450, iliyobidi iwekewe BIOS mpya kwanza ndipo imtambue mkwe. RAM ya GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, na mpwa wangu alifanya vizuri kukataa kipande kimoja, kwa kuwa viwili husomwa kwa njia mbili kwa mpigo mmoja. SSD ya GB 500. Kadi ilikuwa RX 580 ya mtumba. Kadi hizo zilitoka mwaka 2017, na nyingi zilitumikishwa usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum mpaka Septemba 2022, mtandao huo ulipoachana na uchimbaji na wachimbaji wakabaki na malundo ya kadi za kuuza. Muuzaji wetu wa Kariakoo aliapa kwamba hii haikuwahi kuuona mgodi. Ilikuwa ya mwanafunzi, tena binti mtulivu, aliyeitumia kuandikia ripoti. Tukaipokea pamoja na historia yake.

Zikabaki laki moja na elfu sabini. Kasha lenye kioo lilitaka laki na ishirini. Zilizosalia zingeweza kuwa mwanzo wa pawasaplai yenye jina, ambayo ilikuwa laki mbili kasoro kidogo, au feni nne zinazowaka rangi saba. Mpwa wangu alinitazama mimi. Muuzaji alimtazama yeye. "Dogo, humu ndani pawasaplai ipo tayari, wati 600, bure. Nyingine ya nini, unafungua mashine ya kusaga?" Nikacheka. Miwani ilikuwa usoni, stika ilikuwa mbele yangu, nami nikacheka. Feni tulizibeba kwenye mfuko wa peke yake zisije zikakwaruzwa.

Sasa sifa zenyewe, na nianze na ukarimu. Anayetaka kujua nguvu ya pawasaplai haangalii ile namba kubwa, huangalia mstari wa volti 12, kwa kuwa kompyuta za leo hunywa karibu umeme wao wote kwenye mkondo huo. Yetu iliandikwa ampea 17. Zidisha kwa 12, unapata wati 204. Mkondo wa volti 5 ulipewa ampea 30, wati 150, zawadi ambayo kompyuta ya miaka ya tisini ingeililia kwa furaha. Volti 3.3, ampea 24, wati 79. Ongeza na vile vijimkondo viwili vya pembeni, wati 16. Jumla 449. Nilirudia hesabu kwa kalkuleta ya simu, ikang'ang'ania palepale. Wati 151 zilizosalia hazikuwa kwenye mkondo wowote. Aliyeitengeneza alizitoa moyoni. Na hizo ni za kwenye maandishi, hatujaja kwenye zilizopo. Kadi yetu hutengewa wati 185, prosesa 65, pamoja ni 250, na wote wawili huchota kwenye kisima kilekile cha wati 204. Mchoyo angesema hapana mapema, dukani, mbele ya watu. Yetu haikumnyima mtu.

Ina pia moyo wa kuunganisha. Kadi ilidai plagi ya pini 8, iliyokusudiwa kupitisha wati 150, na pawasaplai haikuwa nayo. Muuzaji alivuta droo akatoa kiwaya kinachochukua plagi mbili za Molex, zile za hadi disiki za zamani, na kuzifanya moja ya pini 8. Kiwaya hicho nacho bure. Nyaya nyembamba kama tambi za jiko la mafuta, zimefungwa nira kuvuta jembe la ng'ombe! Mwezi haukuisha plastiki yake nyeupe ikawa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Halafu wepesi. Kasha lote mpwa wangu alilibeba kwa mkono mmoja kutoka kwenye daladala, na mama yake akasema vitu vya siku hizi vimeendelea. Nilielewa sababu baadaye, ilipofunguliwa. Kazi ya pawasaplai ni kuupokea umeme wa ukutani, volti 230 unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kuunyoosha uwe wa kwenda tu, kuukata vipande makumi ya maelfu kwa sekunde, kuupitisha kwenye transfoma ndogo, kisha kuulainisha kwa koili na kapasita mpaka utulie kwenye volti 12 bila kuyumba zaidi ya asilimia 5 juu au chini. Gharama iko kwenye kulainisha na kulinda. Ndani ya yetu, nafasi za koili na kapasita za kuchuja umeme zilikuwa zimechorwa vizuri kwa wino mweupe kwenye bodi, kila moja na namba yake, kama meza ya wageni rasmi iliyoandikwa majina. Wageni hawakualikwa. Penye koili palikuwa na kipande cha waya kimelala. Ulinzi wa umeme ukizidi, ulinzi wa mzigo ukizidi, vyote vilikabidhiwa kwa Mola.

Nyuma kulikuwa na kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Ukikisahau kwenye 115 katika nchi yetu, mlango wa umeme unauzidisha maradufu na kapasita zinapasuka kwa mlio wa fataki. Tulikikuta kwenye 230. Katika habari hii yote, hicho ndicho kitu pekee tulichopatia, na hatukukigusa sisi.

Lakini sifa iliyonifanya nishike kalamu ni unyenyekevu. Katika makasha ya sasa pawasaplai huishi ghorofa ya chini, nyuma ya kificho cha bati, gizani, haina taa hata moja. Feni zinapunga rangi, kadi inajinadi kwa jina lake, yenyewe kimya. Ndiyo maana mashine ilipoanza kuzimika haikushukiwa na mtu.

Ilizimika wiki ya pili. Si kwa kuganda wala kwa kutoa maandishi. Ilikata tu, kama umeme wa mtaa, isipokuwa balbu ya sebuleni iliendelea kuwaka. Ukiandika barua, inakaa siku nzima. Ukifungua GTA V ukaendesha gari taratibu kandokando ya bahari, inavumilia. Ukikimbizwa na polisi katikati ya mji, kiza. Saa moja usiku ilikuwa mbaya zaidi, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko na balbu zimekuwa za rangi ya chungwa.

Fundi wa kwanza alipiga Windows upya. Elfu ishirini. Fundi wa pili alisema wa kwanza alipiga vibaya, akapiga tena. Wa tatu alizituhumu RAM. Tukanunua nyingine, na zile za zamani hadi leo ziko kwenye droo ya vijiko, nzima kabisa. Wa nne alipaka prosesa pesti mpya ya kupooza joto, akamlaumu binti mtulivu wa ripoti kwa kuichosha kadi. Shangazi yangu mmoja alitaka kujua nani katika majirani aliiona mashine siku ilipoingia. Watu wanne walipata riziki, Windows ilisafishwa mara mbili, familia ikapata nafasi ya kuchunguza mahusiano yake na majirani, na aliyesababisha yote yuko chini ya kificho, anapuliza kafeni kake, hadai hata asante.

Wala usidhani ilimtesa mpwa wangu bure. Ilimfundisha kuhifadhi gemu kila baada ya dakika tano, tabia ambayo mimi mwenyewe, kwa mambo ya hati zangu, sijaipata. Ilimlinda na aibu: anazo mechi kadhaa za FIFA ambazo alikuwa amefungwa tatu bila mpaka dakika ya themanini na kitu, na hakuna anayeweza kusema alipoteza, kwa kuwa hazikuisha. Rafiki yake aliacha kuja kucheza kwa hasira. Mama yake alianza kumwona mezani wakati wa chakula cha usiku.

Aliyeivua kificho ni fundi wa tano, mzee wa redio na televisheni ambaye kompyuta za gemu hazijui na hakujifanya anazijua. Hakuiwasha. Aliinama, akanusa nyuma ya kasha kama mpishi anavyonusa sufuria, akauliza, "Hii imekuwa ikinukia hivi tangu lini?" Akaichomoa, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa pini ya nywele aliyoazima kwa mke wangu, feni ikazunguka, akaweka mita. Volti 12.1. Nikashusha pumzi, nikaona mshtakiwa ameshinda kesi. "Subiri," akasema. "Mtu hapimwi akiwa amelala." Akairudisha kazini, akamwambia kijana afungue gemu, akachomeka ncha za mita kwenye plagi ya Molex. Namba ikaanza kuteremka kama mzee anayeshuka ngazi: 11.6, 11.3, 10.9. Kiza.

Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu akiziangalia feni zake nne. Kisha akanitazama mimi, na sikuwa na mahali pa kuyapeleka macho. Laki mbili kasoro kidogo nilizitoa mimi, bila kikao. Pawasaplai mpya ina wati 550 tu kwenye stika, karibu zote kwenye volti 12, na ni nzito kiasi kwamba shemeji yangu aliuliza kama tumenunua betri ya gari. Mashine haijazimika tena. Habari zake, kwa sababu hiyo, zimekwisha.

Ya bure haikutupwa. Mzee wa redio aliuliza kama tunaihitaji, akaibadilisha kapasita mbili zilizovimba, akakaza ule waya wa kijani kwenye mweusi moja kwa moja, na kumpa kinyozi wa jirani yake Mbagala. Huko inaendesha redio ya gari iliyotundikwa ukutani na spika mbili: volti 12, ampea tatu, nne muziki ukipanda. Nimekwenda kunyoa pale mara mbili. Inapuliza vumbi la nywele kuanzia asubuhi mpaka usiku, inaimba taarabu na bongofleva, na hakuna anayeigombeza. Mara ya mwisho kinyozi alisimamisha mashine yake ya kunyolea juu ya kisogo changu akasema anafikiria kuongeza spika nyingine, ile kubwa ya besi, kama hiki kijisanduku kitaweza. Akaniuliza kina wati ngapi.

Nikamwambia asome kwenye stika.