Skrubu Sita za Solo

Kwaya yenye magitaa matatu huwa na wataalamu watatu wa sauti na mhazini mmoja, na anayesikilizwa ni mhazini. Kwetu Kigamboni, kijana wa solo akilalamika kikaoni kwamba gitaa lake lina sauti ya ukungu, mhazini humuuliza kama ukungu huo unawazuia washarika kutoa sadaka. Kama hauwazuii, ajenda inayofuata.

Mimi napiga ridhimu. Mpiga ridhimu hasikiki mpaka aache kupiga, kwa hiyo hupata nafasi nzuri ya kuwatazama wenzake wakihangaika, na nadhani ndiyo sababu kwaya ikanikabidhi dhamana ya vyombo. Kila chombo kinachokwenda kwa fundi hupita mikononi mwangu. Nimeshaona spika iliyotoboka ikizibwa kwa gundi na karatasi ya noti za Pasaka. Lakini hakuna kilichotugombanisha kama vile vipande sita vya chuma vinavyokaa chini ya nyuzi, kwenye pikapu, ambavyo msharika aliyeketi benchi la mbele hajui hata kama vipo.

Gitaa letu la kwanza la solo lilifuata umbo la Stratocaster, lile ambalo Fender walilitoa mwaka 1954. Letu lilikuwa nakala ya nakala. Pikapu za aina hiyo zina vijiti sita vya sumaku, kimoja chini ya kila uzi, na havilingani urefu. Cha uzi wa tatu kimechomoza. Enzi hizo uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa waya kama zile nene, sauti yake ya upole, ikabidi sumaku iusogelee. Siku hizi wengi tunafunga uzi wa tatu mtupu, wenye kelele zake za kutosha, lakini pikapu nyingi bado zinafuata vipimo vya wakati ule. Basi kila solo ilipopita kwenye uzi wa tatu, ilikuwa kama yule muumini anayeitikia "Amina" kabla mchungaji hajamaliza sentensi.

Kijana wa solo ana binamu yake anayesomea ufundi bomba. Binamu akaona hili si jambo la kuitia kikao. Kijiti kirefu kigongwe, kirudi ndani. Akaweka kipande cha mbao juu yake, akagonga kwa nyundo, kistaarabu kabisa, na kijiti kikashuka sawasawa na wenzake. Tukawasha amplifaya. Uzi wa tatu ukawa kimya. Wa pili pia. Pikapu nzima ikawa imekufa, na ilikuwa Jumamosi jioni.

Karibu na kivuko kuna mzee anayesuka mota: feni, pampu za visima, mashine za kusaga. Hajawahi kupiga gitaa maishani mwake, lakini ukimletea kitu chenye koili anakisoma kama barua. Alivaa miwani, akaishika pikapu kwa ncha za vidole, akauliza, "Aliyegonga hapa ni nani?"

Binamu akageuka kuangalia pantoni.

Mzee akatufafanulia. Pikapu ni jenereta ndogo. Uzi wa chuma ukitikisika mbele ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya koili. Ndilo jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka 1831, naye hakutumia nyundo. Kwenye pikapu kama ile yetu waya wa shaba umesukwa moja kwa moja juu ya vijiti, hakuna ukuta katikati. Waya wenyewe una unene wa kama milimita 0.06, na huzungushwa karibu mara 8,000. Kijiti kiliposogea kiliburuta mizunguko ya ndani kabisa, ikakatika, na umeme ukakosa njia.

"Tusaidie basi mzee wetu, uisuke upya," nikasema.

"Mimi nasuka pampu, mwanangu. Waya wangu naushika kwa mkono. Huu nikipiga chafya tu, kazi imeisha."

Gitaa la pili lililetwa na msharika aliyerudi kutoka Dubai, na lilikuja na pikapu za koili mbili. Hizi ni zile alizozibuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson. Aliomba hataza mwaka 1955, akaipata 1959. Koili mbili zimesukwa na kupangiwa sumaku kwa namna ambayo mngurumo wa umeme wa ukutani unaingia kwenye moja kwa mbele na kwenye nyingine kwa nyuma, ikauana, huku sauti ya nyuzi ikijumlishwa. Kwa watu wanaopiga gitaa kanisani hii ni neema kubwa kuliko wanavyoielewa wapiga dansi. Baa hakuna sala ya kimya. Sisi tulikuwa tunainamisha vichwa na amplifaya inanguruma, mizunguko 50 kwa sekunde, mpaka watoto wa Sunday school wakawa wanajua kuigiza.

Pikapu hii haina vijiti vya sumaku. Sumaku ni kipande kimoja kilicholala chini. Koili moja ina vipande sita vya chuma visivyosogea, nyingine ina skrubu sita ambazo unaweza kuzipandisha na kuzishusha kwa bisibisi. Chuma kinaipokea sumaku kutoka chini na kuifikisha karibu na uzi. Binamu alipoona bisibisi inatosha, alifurahi sana, na mimi nikaificha nyundo.

Ila Kigamboni chumvi hailali. Upepo wa bahari kwa upande mmoja na jasho la kiganja cha kijana wa solo kwa upande mwingine, skrubu zikageuka rangi ya chai ya tangawizi. Kutu ya juujuu haidhuru sauti, nilimwambia. Lakini yeye alikuwa ameshasoma kwamba aina ya chuma inabadilisha sauti, na mtu akishasoma hivyo hawezi tena kusikia skrubu zenye kutu zikilia vizuri. Mhazini akatoa hela kwa sharti la risiti.

Tulivuka kwenda Kariakoo. Muuza duka alituwekea kwenye kaunta skrubu zinazong'aa, za kufungwa kwa alenki. "Hizi stenilesi, kaka. Zitupe baharini, rudi baada ya mwaka, utazikuta hivi hivi." Unene uleule, urefu uleule, meno yaleyale. Kinamama wa sauti ya pili walipoliona gitaa walisema limependeza, na mwalimu wa kwaya akataka lisogezwe mbele lionekane.

Jumapili likalia jembamba. Sauti si mbaya. Kali, safi, lakini kifua hakuna, na mngurumo wa zamani ukarudi kwa mbali, kama kwa aibu. Mpiga besi alikunja uso kuanzia wimbo wa kwanza mpaka matangazo. Kijana wa solo, kwa upande wake, alikuwa peponi. Alipofika kwenye sebene nyuzi nyembamba zilimetameta, akafumba macho kabisa, na nina hakika hakuwa nasi tena, alikuwa Kinshasa.

Jumatatu nikarudi kwa mzee. Alichukua sumaku nyeusi aliyoing'oa kwenye spika, akaisogeza kwenye skrubu moja. Skrubu haikutikisika. Akajaribu ya pili, vilevile. Akacheka mpaka akavua miwani. "Hiki ni chuma cha sufuria!"

Stenilesi nyingi za madukani, zenye kromu na nikeli ya kutosha, karibu hazishikwi na sumaku. Kwa hiyo tulikuwa tumeng'oa daraja na kuweka pambo. Sumaku ilibaki chini haina wa kuipandisha, koili ya skrubu ikawa nusu kiziwi, na ile nyingine ikabeba kazi karibu peke yake. Tena koili ikipungukiwa chuma katikati inakuwa nyepesi na sauti yake inapanda juu, ndiyo ule umeto wa Kinshasa. Na kwa kuwa koili mbili hazilingani tena, haziuani mngurumo sawasawa.

Nikamuuliza habari za aina za chuma. Mzee hakujibu, alinionyesha kiini cha mota iliyokuwa mezani, kilichopangwa kwa bati nyembambanyembamba zilizopakwa vanishi. Kwa nini si kipande kimoja? Kwa sababu ndani ya chuma kizima umeme unazunguka wenyewe kwa wenyewe bila kwenda popote, ukipoteza nguvu. Kwenye mota unaugundua kwa joto. Kwenye pikapu unaugundua kwa masikio: zile sauti za juu kabisa zinaliwa. Kila chuma kina ulafi wake, na kila chuma kina wepesi wake wa kupitisha sumaku. Kwa hiyo kijana hakudanganywa, tofauti ipo. Maoni yangu ni kwamba kati ya chuma na chuma cha kawaida ni tofauti ndogo, na kugeuza skrubu robo mzunguko kunafanya kazi kubwa zaidi, bure. Usizidishe tu. Ukizikaribisha sumaku mno, zinauvuta uzi na noti inagombana na yenyewe, hasa kwenye vile vijiti vya gitaa la kwanza.

Sumaku yenyewe aliyoshika mzee ina habari yake. Spika za zamani nyingi zilikuwa na sumaku ya alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, na kobalti nyingi ilitoka Zaire, Kongo ya leo. Vita vya 1978 katika mkoa wake wa Shaba vikaipaisha bei, watengenezaji wa spika wakakimbilia ferite, ile nyeusi. Magitaa hayakukimbia, kwa sababu pikapu inakula sumaku kidogo tu. Kwa hiyo Wakongo wametupa sebene, na wakachangia chuma cha kuipigia. Nilitaka kuliweka hili kwenye ripoti ya vyombo lakini mhazini alisema ripoti iwe ukurasa mmoja.

Kikao kilikuwa kirefu. Mpiga besi alitaka skrubu za chuma zirudi zote. Kijana wa solo alisema stenilesi ibaki au yeye aende kwaya ya vijana. Ikaamuliwa kwa maridhiano: nyuzi tatu nene zipate skrubu za chuma kutoka kopo la mzee, nyuzi tatu nyembamba zibaki na stenilesi, na mwalimu akafunga kwa sala kabla mtu hajabadili mawazo. Kwa mshangao wangu liliwezekana. Uzi wa tatu ulipoa, za chini zikapata kifua, mngurumo ukabaki wa kusikika ukitaka kuusikia.

Siku ya mazoezi mpiga besi alisimama katikati ya wimbo, akanyanyua kidole. "Mnasikia? Solo sasa lina mwili. Hicho ndicho chuma."

Kijana wa solo alikuwa bado nje anaongea na simu. Aliyekuwa akipiga ni mimi.

Mwisho wa mwezi mhazini alisoma mahesabu. Akafika kwenye risiti ya Kariakoo, akahesabu kwa kalamu. Skrubu zilizonunuliwa, sita. Zilizopo kwenye gitaa, tatu. Akavua miwani, akatutazama mmoja mmoja.

Binamu akainua mkono kwa unyenyekevu, akasema zilizobaki amezifunga kwenye bawaba ya sanduku la sadaka, ile iliyokuwa inalegea. Hazishiki kutu.

Mhazini akaandika "matumizi halali", akageuza ukurasa.