Kabla Hujaiteremsha Hilux Kitonga

Hilux iliyojaa matenga ya nyanya za Ilula, ikielekea Dar es Salaam, haipati hata muda wa kuzoea safari. Mara mlima wa Kitonga huu hapa: kona juu ya kona, mteremko mkali, na mzigo unasukuma kutoka nyuma. Kwa hiyo ukiingia Kariakoo kutafuta spea za miguu na breki, nunua za mteremko ule. Za kupigia picha waachie wenye harusi. Twende tukihesabu kurudi chini, kubwa kuliko yote likae mwisho.

7. Bushi
Ya mpira inameza mitikisiko; ya poliyurethani inadumu zaidi ila kila kokoto utalisikia mgongoni. Kwa gari la kazi, mimi ni mtu wa mpira. Mwambie fundi bolti zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Akizikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki, likishushwa mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema. Akisema "tumezoea hivi", mjibu: "Ndiyo maana tumezoea kuonana."

6. Shokapu
Zinanunuliwa mbili mbili, pea kwa kila ekseli. Anayenunua moja "kwa kuanzia" ataanzia kuyumba. Na tuelewane: kwenye Hilux mzigo unabebwa na springi, shokapu kazi yake ni kutuliza springi isirukeruke. Unataka gari linyanyuke? Usimsumbue muuza shokapu, umekosea mlango. Kwa barabara ya vumbi yenye mawimbi chagua ya gesi, maana mafuta yake hayatoi povu haraka.

5. Boljointi
Ikichomoka, tairi linalala na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Ya mtumba usiiguse, hata ukipunguziwa bei, hata muuzaji akiwa shemeji yako.

4. Diski na drami
Vipimo vimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Kwenye diski tafuta MIN TH, unene wa mwisho unaoruhusiwa. Kwenye drami tafuta MAX DIA, upana wa mwisho. Mwenye leti anaweza kukuchongea zikang'aa kama mpya, lakini diski ikishapita kipimo, joto halina pa kwenda na itapinda. Pima baada ya kuchonga, si kabla. Ikipita, iende chuma chakavu.

3. Pedi
Watu huuliza bei, wachache hugeuza pedi wakasome mgongo wake. Pedi nyingi zimechapwa herufi mbili mwishoni mwa namba. Ya kwanza inaeleza mshiko katika joto la kawaida, ya pili mshiko pedi ikiwa imechemka. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FE itakupendeza mjini, kisha ikipata moto mlimani mshiko unapungua wakati uleule unapouhitaji. Ninayemjali namwambia aanzie FF. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani, na mwenye feki naye ana mhuri. Ndiyo maana duka linalokubali kukuandikia risiti yenye jina la pedi lina thamani zaidi kuliko linalokupa soda.

2. Mafuta ya breki
DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kutoka hewani inaweza kuchemkia 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea: unakanyaga, pedali inashuka hadi chini, gari halina habari. Badilisha kila baada ya miaka miwili. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Na lile kopo lililokaa wazi gereji tangu mwaka jana, mwachie fundi alitumie kwenye gari lake mwenyewe.

1. Springi za nyuma, pamoja na valvu ya breki
Hapa ndipo wengi hununua hatari kwa hela yao wenyewe. Hilux nyingi zina valvu nyuma, imefungwa kwenye chesisi, na fimbo yake imeshika ekseli. Ukipakia, bodi inashuka, fimbo inasogea, na valvu inaachia nguvu zaidi ya breki kwenda nyuma. Gari likiwa tupu inaibana, ili tairi za nyuma zisijifunge na kuserereka.

Sasa ongeza majani mawili ya springi. Matenga yamejaa, bodi haijashuka, na valvu inaamini gari ni tupu. Breki za nyuma zinanyimwa nguvu, za mbele zinafanya kazi ya wote: pedi zinachemka, mafuta yanazifuata. Umenunua springi, umepoteza breki.

Chagua springi kwa uzito unaobeba kila siku, si kwa ule wa msimu mmoja. Zikishafungwa, fimbo ya valvu irekebishwe kwa kufuata kitabu cha gari. Wala majani hayaongezi uzito ulioruhusiwa. Ekseli na breki ni zilezile. Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji: "Kaka, na valvu ya breki tunaisogeza kiasi gani?" Akikutumbulia macho, mshukuru na uvuke barabara. Kariakoo maduka ni mengi.