Modi na Diski ya Pili: Majibu kwa Waliokwama

Gemu yenye modi haikai mahali pamoja. Mafaili ya gemu yenyewe hukaa kwenye folda ya Steam, modi hukaa kwenye folda ya zana inayozisimamia, na mipangilio pamoja na michezo iliyohifadhiwa hukaa aghalabu kwenye Documents, ndani ya diski C. Anayehamia diski ya pili akachukua kimoja na kusahau viwili huishia kuiandikia safu hii. Barua za safari hii zimepangwa kwa kufuata hatua za uhamaji wenyewe.

Kabanwa na C, Tandika

Msomaji huyu aliiburuta folda ya Skyrim Special Edition kwa kipanya hadi diski D. Tangu hapo Steam inamkana, inamtaka aipakue gemu upya, na bando lenyewe ni la mkopo. Anaomba usuluhishi.

Jibu: Usuluhishi upo. Steam haipekui diski nzima kutafuta gemu. Hufuata kumbukumbu iliyoandikwa kwenye faili dogo la appmanifest, ndani ya folda ya steamapps. Folda ikiburutwa, faili hilo hubaki nyuma likielekeza pasipo na kitu. Dawa ni kufungua "Storage" kwenye mipangilio ya Steam, kuiongeza diski D, kisha kuiweka folda iliyoburutwa ndani ya D:\SteamLibrary\steamapps\common bila kubadilisha jina lake. Gemu ikisakinishwa tena na D ikachaguliwa, Steam huyakuta mafaili yaliyopo, huyakagua, na kupakua yaliyopungua tu. Ukaguzi huo hurudisha katika hali ya awali mafaili ya gemu yaliyobadilishwa, hivyo modi iliyofuta faili la asili na kukaa mahali pake itapaswa kuwekwa upya. Ambaye bado hajaburuta kitu atumie "Move install folder" kwenye sifa za gemu. Steam hubeba mzigo na kumbukumbu yake pamoja.

Dereva wa Masafa, Nakuru

Euro Truck Simulator 2 imehamia D kwa kufuata taratibu zote, lakini C bado imejaa pomoni. Mabasi na malori aliyoyakusanya yanaendelea kukaa kule kama mpangaji asiyelipa kodi.

Jibu: Gemu hii ya SCS Software, iliyotoka mwaka 2012, haisomi modi zilizowekwa kwa mkono kutoka kwenye folda yake ya Steam. Huzisoma kutoka kwenye folda iitwayo mod, ndani ya Documents\Euro Truck Simulator 2, ambako mafaili ya .scs hurundikana. Kuihamisha gemu hakuigusi folda hiyo. Kwenye sifa za gemu ndani ya Steam kuna nafasi ya "Launch options". Hapo huandikwa -homedir "D:\ETS2". Gemu ikifunguliwa hutengeneza makao mapya chini ya njia hiyo, kisha mchezaji hunakili humo yaliyomo kwenye folda ya zamani. Ya zamani hufutwa baada tu ya dereva kuhakikisha kwamba kampuni yake na malori yake yote yamefika.

Mjomba Mwenye Wasiwasi, Tanga

Mpwa wake akifungua Skyrim, msitu una miti mipya na maji yanang'aa. Akifungua yeye, kwa kompyuta ileile, dunia ni ileile ya 2011. Ameanza kushuku kwamba kijana ana kitu.

Jibu: Kijana ana Mod Organizer 2. Zana hii haiingizi modi ndani ya folda ya gemu. Huziacha kwenye folda yake yenyewe na kuionyesha gemu kana kwamba zimo, ila pale tu gemu inapofunguliwa kutoka ndani ya zana. Anayebofya ikoni ya Steam huikuta gemu tupu. Vortex, zana nyingine ya kusimamia modi, kwa kawaida hufanya kazi kwa njia tofauti: faili moja kwenye diski hupewa majina mawili, moja kwenye hazina ya modi na jingine kwenye folda ya gemu, bila kula nafasi mara mbili. Majina hayo sharti yawe kwenye sehemu moja ya diski, iliyofomatiwa kwa mfumo unaoruhusu hilo. NTFS inaruhusu, exFAT hairuhusu. Gemu ikihamia D, hazina ya modi za Vortex nayo ihamie D.

Flashi Imenigombanisha, Mombasa

Diski yake ni ya nje. Siku flashi ya shemeji ilipotangulia kuchomekwa, diski D iligeuka F na modi zote zikapotea. Hata zikiwepo, gemu hufunguka polepole.

Jibu: Shemeji asilaumiwe. Windows hugawa herufi zilizo wazi kwa kila kinachochomekwa. Kwa kuandika diskmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, diski hupewa herufi ya mbali, kama M, ambayo flashi haiifikii kwa urahisi. Kuhusu kasi, USB 2.0 haivuki megabiti 480 kwa sekunde, sawa na megabaiti 60, hata diski ikiwa bora namna gani. Diski ya kuzunguka husoma faili kubwa kwa megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, lakini modi huleta maelfu ya mafaili madogo, na kila moja hulazimisha kichwa cha kusomea kuhama. SSD haina kichwa cha kuhamisha, na ile ya SATA hukaribia megabaiti 550.

Alilala Salama, Morogoro

Alizima kompyuta kila kitu kikiwa sawa. Asubuhi Skyrim ikagoma.

Jibu: Gemu ilijisasisha. SKSE, zana inayotegemewa na modi nyingi, hulingana na toleo mahususi la gemu. Sasisho la Novemba 2021 liliwakwamisha wachezaji wengi kwa sababu hiyo. Steam ipangwe isisasishe mpaka gemu ifunguliwe kupitia kwake, na gemu ifunguliwe kupitia SKSE. Nakala ya folda ya gemu, ya modi na ya michezo iliyohifadhiwa iwekwe kwenye diski nyingine, zote tatu za tarehe moja, kwa kuwa mchezo uliohifadhiwa hukumbuka modi zilizokuwepo na unaweza kuharibika zikikosekana.