Waraka kwa Ndugu Aliyeishusha Ultima ya Nne

Ndugu yangu mpendwa,

Nimeisoma orodha yako ya michezo ya kompyuta ya Ultima, uliyoipanga kuanzia iliyo bora hadi iliyo hafifu. Ultima VII umeiweka juu kabisa, na hapo ugomvi wetu ni mdogo. Kilichonifanya nishike kalamu ni Ultima IV, uliyoitupa nafasi ya sita, chini hata ya Serpent Isle, ukaiaga kwa sentensi moja tu: picha zake zimechakaa na safari zake zinachosha. Kwa heshima zote ninazokupa, sentensi hiyo ni ya mtu aliyeupitia mchezo mbio mbio, akiwa na karatasi ya majibu pembeni.

Haki yako nakupa kwanza. Ultima VII, ya mwaka 1992, ni kazi kubwa. Unafika mji wa Trinsic, na kabla hujajua umefikaje unaonyeshwa banda la farasi ambamo Christopher mhunzi ameuawa kinyama pamoja na gargoyle mmoja aitwaye Inamo. Mwanawe Christopher, Spark, amemwona mtu mwenye kulabu badala ya mkono. Milango ya mji imefungwa. Mwanzo wa namna hiyo ni wachache walioufikia. Tena mikono yako inapata kazi: unamwaga unga mezani, unautia maji, donge unaliweka jikoni, na mkate unatoka. Nami nimeuoka mkate huo kwa furaha.

Lakini wewe, ndugu yangu, umeusifu mkate aya tatu nzima na Batlin hukumtaja hata mara moja. Umeisifu nyumba kwa samani zake. Batlin na jumuiya yake ya Fellowship ndio roho ya mchezo ule. Miaka 200 imepita tangu ziara ya mwisho ya Avatar, shujaa unayemcheza, madhabahu za fadhila zimetelekezwa, na watu wa Britannia wamepewa badala yake kauli tatu tamu za umoja, kuaminiana na kustahili ujira. Wanazikariri kila kona huku maskini wa mji wa Paws wakizidi kudharauliwa. Uchungu wa jambo hilo haumpati mchezaji ambaye hakuwahi kupiga magoti kwenye madhabahu hizo zilipokuwa na maana. Na maana hiyo ilijengwa katika Ultima IV. Umeishusha nyumba ya mama ili umpandishe mtoto.

Umesifu pia kwamba katika Ultima VII watu wana ratiba zao, wanafungua maduka asubuhi na kulala usiku, ukaandika kama kwamba jambo hilo lilizaliwa mwaka 1992. Lilikuwamo katika Ultima V, mwaka 1988. Mtu anayepanga orodha hadharani anapaswa kulijua hilo.

Sasa nikueleze ninachokipenda. Katika michezo mitatu ya kwanza, mtunzi wake Richard Garriott alitupa maadui watatu wa kuwaua: Mondain, Minax na Exodus. Ukimuua adui, umeshinda, na njiani ukiiba dukani au ukiwachinja wenyeji hakuna anayekuhesabia. Wachezaji walifanya hivyo kwa sababu kulikuwa na faida. Mwaka 1985, kupitia Origin, kampuni aliyoianzisha na kaka yake Robert, Garriott akatoa mchezo usio na adui mkuu kabisa. Kazi yako ni kuwa mtu mwema katika mambo manane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitolea, heshima, ucha Mungu na unyenyekevu. Kwenye boksi mlikuwa na ramani ya kitambaa, ankh ya chuma na vitabu viwili, na vitabu hivyo ni sehemu ya mchezo.

Nenda kwa muuza mitishamba. Ni kipofu. Unamwambia unataka mizizi kiasi gani, anakutajia bei, kisha mchezo unakuuliza: unalipa ngapi? Unaandika tarakimu mwenyewe. Ukiandika sarafu moja badala ya thamani yote, yeye anapokea, nawe unaondoka na mizizi yako. Hakuna kengele, hakuna askari, hakuna maandishi mekundu kwenye skrini. Lakini ndani ya disketi ukweli wako umepunguzwa, na haki yako, na heshima yako pia. Utalijua siku utakapokwenda ngome ya mfalme Lord British kumuuliza mwaguzi Hawkwind umefikia wapi. Ukikimbia pambano na kiumbe mwovu, ushujaa unashuka. Ukimpa ombaomba pesa, huruma inapanda. Na ukifika chini kabisa ya Stygian Abyss bila kukamilisha fadhila zote nane, sauti inakukatalia na chumba cha Kodeksi, kile kitabu cha hekima unachokitafuta, hukioni, hata upanga wako uwe mkali namna gani.

Utanijibu kwamba katika Ultima VII ukiiba, mwenzako Iolo analalamika, na ukizidi wenzako wanakuacha. Kweli. Ila njia ya kwenda kwenye Lango Jeusi, mwisho wa mchezo, haifungwi. Mchezo ule unahukumu dhambi za Batlin na wafuasi wake, na mwizi wa mikate bado anaitwa Avatar. Ultima IV inakuhukumu wewe uliyeshika kibodi. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kati ya mchezo mzuri na mchezo mkubwa.

Hata Ultima V inaegemea hapo. Lord British amepotea chini ya ardhi, Blackthorn ameshika madaraka, na zile fadhila ulizozifanyia kazi kwa hiari amezigeuza sheria: mwongo akatwe ulimi, asiyemsaidia mwenye shida apatwe na shida ileile. Ultima VI, mwaka 1990, ikaongeza kwamba wale viumbe wenye pembe na mabawa uliowadhani mashetani wana fadhila zao, na kwamba uliponyakua Kodeksi uliiangamiza nchi yao. Ondoa Ultima IV, na michezo yote hiyo inabaki bila kitu cha kuuliza. Kuhusu Ultima VIII, ile Pagan ya mwaka 1994, tunakubaliana. Ultima IX umeihurumia mno: Avatar anayeuliza paladini ni nani hawezi kuwa yule tuliyemlea.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Ultima IV sasa inaruhusiwa kupakuliwa bure. Ipakue, soma vile vitabu viwili, chukua daftari, uache karatasi ya majibu. Mpiga ramli atakuuliza maswali saba, kila swali likikulazimisha kuchagua kati ya fadhila mbili, na kwa majibu yako atakupa kazi yako na mji wa kuanzia. Jibu kwa moyo wako. Ukitokea kuwa mchungaji, mdhaifu kuliko wote, ukaanzia Magincia, mji ulioangamizwa kwa kiburi cha watu wake, usizime kompyuta ukaanza upya. Cheza hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha unitumie orodha yako mpya.

Ndugu yako akupendaye.