Kikombe cha Maharusi Kipewe Heshima Yake

Kila nyumba ya mjini inacho, na hakuna nyumba inayojivunia kuwa nacho. Kimekaa nyuma ya glasi za wageni, mpini umegeukia ukutani. Ukikivuta mbele kinakutazama: bwana harusi meno yote nje, bibi harusi kafumba jicho moja kwa mwanga wa kamera, chini yao majina mawili yameunganishwa na kopa jekundu. Ndicho kikombe cha picha, zawadi ambayo bwana harusi humpa mpambe wake baada ya shughuli, huku akimwambia kwa sauti nzito, "Kaka, ni kidogo tu." Na kweli ni kidogo. Kinaingia mililita 325 hivi, ukikijaza hadi mdomoni.

Wapo wanaokidharau. Wanasema ni zawadi ya mtu aliyesahau kununua zawadi. Mimi nakisimamia. Katika karne ya 2 Lucian wa Samosata alimtungia nzi sifa ndefu, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha kitabu kizima ambamo Upumbavu unapanda jukwaani kujisifu wenyewe. Kama hao walipata watetezi, kikombe cha maharusi, ambacho hakijawahi kumletea mtu kipindupindu, kisikose wakili mmoja hapa Dar es Salaam.

Tuanze na deni lenyewe. Kisheria, wapambe hawana kazi kubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua 2, na Wakatoliki wana Kanuni yao ya 1108 inayodai mashahidi 2 mbele ya padri. Kwa hiyo upande wa bwana harusi anahitajika mwanamume mmoja anayejua kuweka saini. Wale wengine waliopangwa kwa kimo, mikono imefungwa mbele kama mabeki wanaosubiri mpira wa adhabu, sheria haiwajui kabisa.

Lakini muulize bwana harusi yeyote: nani alikufuta jasho madhabahuni? Nani alikaa na simu yako mchana kutwa, akapokea ile namba isiyo na jina, akaimaliza kiume? Nani alitoka ukumbini saa 3 usiku kumfuata mtu wa keki Mbezi? Nani alimrudisha kitini mjomba aliyekuwa ameshaishika maikrofoni? Na hapo bado hatujagusa fedha. Mpambe alichanga kama mwanakamati mwingine yeyote, na alipochelewa kumalizia ahadi yake mwenyekiti alimtaja kwa jina kwenye kundi la WhatsApp. Alishona suti ya rangi ya zabibu ambayo hataivaa tena labda azikwe nayo. Alijaza mafuta gari. Alihudhuria mazoezi ya kuingia ukumbini kwa kucheza, mtu mzima, mhasibu, akifundishwa kuinua bega la kushoto.

Sasa mshukuru. Utampa nini?

Watu wengi hudhani jibu liko mfukoni: mwenye kidogo anunue soksi, wa kati anunue mkanda au manukato, mwenye nacho anunue saa. Soksi sizipingi, ila hupotea mojamoja, na shukrani iliyobaki mguu mmoja ni aibu. Mkanda unahitaji ujue kiuno cha mtu, na kiuno cha mwanamume aliyeoa si habari ya kutegemea. Manukato hufika nyumbani kabla ya maelezo. Chupa ya wiski? Kati ya wapambe wako mmoja ni Msabato, mwingine ameokoka juzijuzi, wa tatu yuko kwenye dawa. Itaishia kwa wawili waliobaki, tena usiku uleule, na asubuhi hawatakumbuka nani aliwapa. Tai nisiiseme. Bwana harusi anayekupa tai asubuhi ya harusi na kukuagiza uivae siku hiyohiyo hajakupa zawadi, amekugawia sare.

Saa ndiyo ya hatari kuliko zote. Ya bei rahisi husimama, na kila mpambe akitazama mkono anakumbuka kwamba shukrani yako iliishiwa betri Jumatano. Ya bei kali humwachia mzigo: yeye anaoa Desemba, wewe ndiye mpambe wake, na sasa inabidi akutafutie saa isiyo chini ya hiyo. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alieleza kwamba zawadi hudai itolewe, ipokelewe, na ilipwe. Hakuwahi kualikwa kwenye harusi ya Moshi, lakini ndafu ikipita mbele yake angeelewa haraka kinachoendelea.

Kisha kuna bahasha. Hapa niombe utulivu, maana wapo watu wema wanaoamini kwamba bahasha ndiyo ustaarabu wenyewe: mtu ajinunulie anachotaka. Ndugu yangu, ukimpa mpambe fedha umempa posho. Nchi hii inaijua posho. Ina karatasi ya kusaini, ina kiwango cha kulala na kiwango cha kwenda na kurudi, na haijawahi kumtoa mtu chozi la furaha. Kwanza aliyeipokea huuliza mwenzake amepata ngapi. Mpambe atakwenda nayo chooni, ataifungua, na akili ya mhasibu itaamka. Suti kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, mchango, kadi ya mkewe, teksi ya kumfuata mtu wa keki. Akitoa kilichomo bahashani, bado anadai. Alipoingia chooni alikuwa rafiki yako. Ametoka ni mdai wako.

Kikombe hakina balaa hilo. Utukufu wake wote uko hapa, kwamba hakikaribii hata kidogo kulipa. Hakuna anayeweza kuweka suti ya zabibu upande mmoja na kikombe upande wa pili akatafuta tofauti. Hesabu yenyewe inakataa kuanza. Zawadi inayokaribia gharama huwa malipo pungufu. Zawadi iliyo mbali nayo kiasi hiki haiwezi kuwa malipo hata kwa kulazimisha, kwa hiyo haina budi kuwa shukrani.

Tena hutengenezwa kwa elimu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nenda Kariakoo, panda ngazi nyembamba hadi kwenye kichumba cha kijana mwenye kompyuta, printa na mashine ya joto. Kikombe anachotumia kimepakwa nje utando mwembamba wa poliesta, kwa kuwa wino wake haushiki kwenye kaure tupu. Picha anaichapa kwenye karatasi ikiwa imegeuzwa, maandishi yakisomeka kinyumenyume, anaizungushia kikombe, anaibana kwa utepe unaostahimili joto, kisha anakifungia ndani ya mashine kwenye nyuzi 180 hadi 200 za sentigredi. Hapo wino uliokuwa mkavu karatasini unageuka mvuke bila kwanza kuwa majimaji, unapenya kwenye ule utando, na ukipoa umeshanaswa. Padri aliwahitaji wale wawili kwa miezi ya mafundisho ili awaunganishe. Kijana wa Kariakoo anamaliza kabla chai yake haijapoa.

Akisahau kugeuza picha, majina yatasomeka mbele ya kioo tu na bwana harusi ataonekana amevaa pete mkono wa kulia. Mpokee hivyohivyo. Kasoro iliyo ya kweli ni nyingine. Picha ya harusi ni ndefu kwenda juu, na nafasi ya kikombe ni fupi, kwa hiyo kijana hukata. Hukata miguu kwanza. Ikiwa bado haitoshi, hukata watu wa pembeni, na watu wa pembeni ndio wapambe. Ndivyo mpambe anavyojikuta amekabidhiwa picha ya siku aliyoihangaikia, naye ndani yake kimebaki kiwiko.

Mimi naona hapo kikombe kimesema kweli kuliko risala yoyote.

Kwa mwenye mfuko mnene kidogo kuna kikombe cha maajabu. Hicho kikiwa baridi ni cheusi tii, humwoni mtu. Ukimimina chai ya moto weusi unafifia na maharusi wanajitokeza taratibu kutoka chini: maua, kifua, kidevu, meno. Chai ikipoa wanafunikwa tena. Nimewaona wanaokisifia kwa ajili ya watoto, lakini faida yake kubwa ni kwa mpambe ambaye amekosana na bwana harusi. Anakunywa maji baridi tu, na amani inadumu. Na mwenye uwezo zaidi ya hapo? Naye anunue kikombe, kisha akijaze: kahawa ya Kagera, korosho za Mtwara, tiketi ya boti ya Zanzibar imekunjwa katikati. Mpambe atakunywa kahawa, atatafuna korosho, boti itakwenda na kurudi. Kikombe hakitakwenda popote.

Hakitakwenda popote kwa sababu hakiuziki wala hakitoleki. Mji huu una seti za glasi zinazotoka harusi moja hadi nyingine zikiwa kwenye karatasi yake ileile, mpaka siku moja zinamrudia aliyezinunua. Kikombe cha maharusi hakiwezi kufanya umalaya huo. Nani atapokea sura za watu asiowajua? Na hakitupiki pia. Utaanzaje kumlaza rafiki yako kwenye pipa la taka, uso juu? Hata kibaka anayeingia jikoni usiku, akabeba pasi, mtungi wa gesi na sufuria na maharage yake ndani, hiki hukishika, hukitazama kwa mwanga wa simu, hukirudisha.

Kwa hiyo hubaki, na kikibaki hupata kazi. Chai hakinywewi sana, kwa kuwa si kila mtu anapenda kumbusu mke wa mwenzake kila asubuhi. Lakini hutunza miswaki. Hutunza kalamu zisizoandika, chenji ya daladala, sindano na uzi, betri za rimoti ambazo hakuna mwenye uhakika kama zimekufa. Dada wa kazi hupimia mchele, na hapo kikombe hupanda cheo kuliko saa yoyote ya dhahabu, maana kila siku jioni jina la maharusi hutajwa jikoni: "Weka vikombe viwili vya kina Baraka." Mtoto hukua akijua kwamba kina Baraka ni kipimo. Siku Baraka mwenyewe akija kutembea, mtoto humtazama tumbo.

Waya wa kusugulia masufuria nao hufanya kazi yake. Hauwali maharusi kwa pupa. Huanza na tarehe, jambo linalomsaidia sana bwana harusi, kisha kopa, kisha ncha za vidole.

Wengine huuliza: na ndoa ikivunjika je? Sheria ileile ya 1971 imeipa mahakama mamlaka ya kugawa mali waliyochuma wanandoa pamoja, na watu wamegombania hadi mapazia. Vikombe hakimu havipati. Vimetawanyika Tabata, Kimara na Kigamboni, kwa watu waliosimama siku ile, na katika kila kimoja wale wawili bado wamekumbatiana, wamejaa mchele.

Mahali pa kuvitoa ni kwenye kuvunja kamati, si penginepo. Ukumbini mshereheshaji atavipigia kelele mpaka vione haya. Kuvunja kamati hufanyika harusi ikishapoa, kwenye baa yenye nyama choma, viti vya plastiki vimeunganishwa, bwana harusi amenenepa kidogo na hajui amenenepa. Maharusi wanashukuru. Mwenyekiti anawashukuru kwa kushukuru. Boksi linafunguliwa, vikombe vinatolewa kwenye magazeti, na kila mpambe anakizungusha chake polepole akitafuta kiwiko chake.

Halafu mhazini anasimama na daftari. Anasoma mapato. Anasoma ahadi ambazo bado ni ahadi, bila kutaja majina, akiwatazama wenye majina. Anasoma matumizi, na karibu na mwisho, kati ya mafuta ya jenereta na maji ya ziada, anasoma vikombe vya wapambe, kisha anasoma upungufu. Mwenyekiti anasema ni kiasi kidogo hicho, tukigawana sisi tuliopo tunakimaliza hapahapa tuinuke. Wapambe wanaweka vikombe mezani ili wapate mkono wa kushikia simu. Namba ya mhazini haina haja ya kutajwa. Wanaijua kwa kichwa.