Sifa za Komisyoneri wa Kamenge

Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa. Erasmus naye, mwaka 1511, akachapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Nzi kapata zake, upumbavu umepata zake. Komisyoneri wa nyumba, yaani dalali, aliyesumbua watu kuliko hao wawili, hajapata hata salamu. Leo namlipa haki yake, na kama anavyopenda mwenyewe, nalipa kabla ya kuona chumba.

Mwenye kutafuta nyumba ya kukaa miaka hahitaji kusoma haya. Huyo akifika Kamenge, mtaa wa Bujumbura, atavutiwa kiti. Namzungumzia mtu wa mwezi mmoja, ikizidi sana miwili: mama aliyeteremka kutoka Bubanza kumwuguza mumewe kwenye hospitali ya chuo kikuu, ile ambayo kila mtu anaiita Roi Khaled kwa jina la mfalme wa Saudi Arabia, mwanafunzi wa udaktari anayemalizia mazoezi, mfanyabiashara wa Uvira anayengoja mzigo, karani ambaye, tangu Gitega ifanywe makao makuu ya siasa mwaka 2019, ana godoro huku na sufuria kule. Mwenye parseli, yaani mwenye kiwanja na nyumba zilizomo, akisikia "mwezi mmoja", anakutazama kama uliyemposa binti yake kwa wikiendi. Hoteli za kando ya ziwa zipo, lakini bei yake inamhusu mtu ambaye hana mgonjwa.

Ni hapo anapotokea komisyoneri, simu mbili mkononi, na neno la kwanza analokupa ni cheo: "Patroni!" Wewe uliyelala kwenye mkeka wodini siku tatu umekuwa patroni. Nani mwingine mjini anagawa vyeo bure?

Chumba kiko wapi? "Hapa tu." Ile "hapa tu" inaanzia nyuma ya soko, inaiacha barabara ya kaburimbo, inapita vichochoro ambavyo maji ya kufulia yamejichimbia mifereji, na mkianza kuona watu wa Kinama, mtaa wa jirani, bado ni "hapa tu". Wasiomjua wanasema ni uongo. Mimi naona ni moyo wa kizalendo: mtaa wake wote anauhesabu kuwa ua wa nyumbani. Tena anakwenda kwa miguu. Katika mji ambao vituo vya mafuta hukaa siku nyingi bila tone, huyu peke yake sijamwona ameishiwa.

Mkifika, angalia anavyosimama. Niliwahi kuonyeshwa chumba kimoja: mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu, sakafu ya saruji, balbu moja, na dirisha linalotazama moja kwa moja jiko la jirani, ambako ndagala walikuwa wanakaangwa. Komisyoneri aliegemea ukuta muda wote, mkono mmoja ameuinua juu kidogo kuliko kawaida ya mtu aliyechoka. Simu ikalia, akatoka nje kuipokea. Ufa ukaonekana, umeanzia pale lilipokuwa bega lake, umepanda mpaka kwenye mabati. Kumbe alikuwa ndiye pazia pekee la chumba kile. Aliporudi, nasema kwa heshima, alirudi mahali pale pale.

"Maji yapo?" "Yanakuja." Na kweli yanakuja. Saa nane za usiku bomba la uani linakohoa, madumu ya manjano yanapangwa, na utawajua majirani wote kwa majina kabla ya adhana. Umeme je? "Upo, patroni, ni wewe tu kununua." Nalo ni kweli, ila mita ni moja kwa milango sita, na mlango wa nne una friji ya kuuzia bia ya Primus.

Kuhusu komisheni, wachoyo wananung'unika. Dar es Salaam dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na ndugu yake wa Kamenge si mtu wa kukubali kushindwa na wageni. Kwa mpangaji wa mwaka, hesabu hiyo haiumi. Kwa mpangaji wa mwezi mmoja, ni sawa na kulipia nyumba ya pili ambayo hatalala ndani yake. Mara ngapi maskini hupata kuwa na nyumba mbili?

Mzaha kando kidogo. Kila anayelala ndani ya nyumba anatakiwa kuandikwa kwenye daftari la kaya, na wakaguzi wakigonga alfajiri, jina lisilomo huenda kujieleza kwingine. Mwenye parseli hataki taabu ya kuandika na kufuta kila mwezi. Komisyoneri ndiye anayekushika mkono mpaka kwa nyumbakumi, mkuu wa nyumba kumi, anavua kofia, anasema, "Muzehe, huyu ni mtoto wa dada." Undugu umepatikana mlangoni, na bei yake ilikuwa imo tayari ndani ya komisheni. Kamenge iliwahi kubaki tupu wakati wa vita vya miaka ya 1990, na wengi waliorudi walikuta kuta bila mapaa. Mtaa wa namna hiyo hauwezi kumdharau mtu anayejua ni mlango upi una kitasa.

Sifa yake kubwa lakini ni kwamba hakusahau. Mwenye nyumba atakusahau mpaka tarehe ya kodi. Yeye, wiki ya tatu haijaisha, Jumapili asubuhi, anabisha hodi ungali na povu la sabuni usoni. Nyuma yake yupo kijana na begi lake, amekuja kuona chumba chako. Komisyoneri anaingia, anauendea ukuta ule, anaegemea. Kijana anakugeukia wewe, maana wewe ndiye unayeishi humu: "Kaka, eti maji yapo?"

Unafikiria ukuta. Unafikiria dhamana yako, ambayo mwenye parseli aliahidi kuirudisha siku atakapompata mtu wa kukurithi.

"Yanakuja," unasema.

Komisyoneri akitaka kukushukuru kwa Primus moja, kataa. Dai nusu ya komisheni.