Mnyama wa Kazi Katika Nyumba ya Watu Sita

Nyumbani kwetu maamuzi makubwa hufanya Mama, ya kati hufanya mke wangu, na madogo huachiwa watoto wayagombanie. Mimi na shemeji yangu huarifiwa. Kwa hiyo suala la kufuga fereti lilipopita bila kupingwa na mtu, nilishangaa kuliko wote. Baadaye nikajua sababu: hakuna aliyefahamu fereti ni nini. Mke wangu alidhani ni aina ya sungura. Mama, kwa kuwa mazungumzo yalianzia bustanini, alidhani ni mboga.

Tunaishi kijijini, pembezoni mwa Barnsley, kusini mwa Yorkshire. Hii ni nchi ya makaa ya mawe. Migodi imefungwa, desturi za wachimbaji zimebaki, na mojawapo ni fereti: mnyama wa ukoo wa kicheche, mrefu, mwembamba, miguu mifupi, aliyefugwa tangu zama za Warumi kwa kazi moja tu, kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwafukuza watoke. Tajiri alikuwa na farasi na kundi la mbwa wa kuwindia. Mchimba makaa alikuwa na fereti ndani ya koti, na Jumapili watoto wake walikula nyama. Jirani yetu, mzee aliyestaafu mgodini, anawafuga mpaka leo, na ndiye aliyenishawishi baada ya sungura kumaliza sukuma wiki yangu yote kwenye kibustani ninachokodi halmashauri.

Mama, aliyekuwa ndio kwanza amefika kutoka Tanga kwa miezi yake sita ya viza, alipoelewa shabaha yangu ni nini alinihurumia. "Sungura hakamatwi, mwanangu. Hukuhadithiwa wewe? Simba kamshindwa, fisi kamshindwa, leo utamweza wewe na nani?"

Mimi na Karafuu na Shombo. Walikuja Julai 2022, wote majike, maana jike ni mdogo wa mwili na hupenya shimoni bila shida. Karafuu aliitwa hivyo na binti yangu kabla hatujawazoea kwa pua. Wa pili alipewa jina na Mama kesho yake.

Makubaliano yalikuwa walale uani, bandani. Hayakudumu, na wa kulaumiwa ni hali ya hewa. Tarehe 19 mwezi huohuo Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze kuwekwa. Sisi tulivaa kanga na misuli, tukaendelea na maisha. Lakini fereti hatoki jasho, na nyuzi 30 tu zinatosha kumlaza chali. Nikawahamishia bafu la chini, penye sakafu ya vigae, kwa siku moja. Siku hiyo moja haijaisha mpaka leo.

Hapo ndipo harufu ilipojitambulisha rasmi. Fereti ana tezi chini ya mkia, lakini hizo si tatizo kubwa, huzifungua akiogopa tu. Tatizo ni mafuta ya ngozi yake, ambayo hunuka kila siku, awe na hofu asiwe nayo. Ukimwogesha sana ngozi hukauka, mwili hutoa mafuta zaidi, na harufu huongezeka. Mama hakuiamini elimu hii. Akawaogesha, akawasugua, akawakausha kwa taulo la shemeji, kisha akafukiza udi nyumba nzima. Tukanuka kama kicheche anayeoa.

Kisha kuna suala la kucheza. Fereti akifurahi huukunja mgongo, huruka kinyumenyume, huachama mdomo, hugonga ukuta, huanguka, huinuka, na muda wote huo hutoa vicheko vidogo vya kooni. Waliowazoea huvutiwa sana. Mara ya kwanza Karafuu alipocheza hivyo, Mama alikuwa peke yake sebuleni, juu ya mswala, ametoka kutoa salamu ya mwisho. Mtu wa Tanga akiona kiumbe kinarudi nyuma huku kinacheka peke yake, hampigii simu daktari wa mifugo. Mama alisoma Ayatul Kursi kwa sauti mpaka mwisho. Karafuu akajiviringisha chini, akalala palepale. Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kumweleza Mama kwamba fereti hulala saa 14 mpaka 18 kwa siku bila ya kusomewa.

Walikuwa na udhaifu mwingine: mpira. Fereti hupenda kutafuna chochote cha mpira, na kipande kikimkwama tumboni kinaweza kumuua. Katika nyumba ya Waswahili, kumwekea fereti marufuku ya mpira ni sawa na kupiga marufuku kandambili, jambo ambalo hata mke wangu hakuthubutu kulileta mezani. Ukanda wa kandambili ya Mama ya mguu wa kulia ulipatikana nyuma ya mashine ya kufulia, nusu. Nusu ya pili ilibidi tuisubiri. Mwanangu alipewa kijiti na glovu, akakagua choo cha fereti asubuhi na jioni, akatangaza matokeo wakati wa chakula.

Sasa nifike kwa shemeji.

Barnsley ina mchezo wake. Mwanamume huvaa suruali pana bila chupi, hufunga miguu ya suruali kwa kamba kwenye vifundo, huingiza fereti wawili ndani, hukaza mkanda, kisha husimama. Wenye meno yao yote. Atakayevumilia muda mrefu zaidi ndiye mshindi. Mwaka 1981 Reg Mellor, mchimba makaa mstaafu wa hapa, alisimama nao saa 5 na dakika 26, akawa jina kubwa. Mzee jirani ndiye aliyetusimulia haya, uani kwetu, shemeji akisikiliza kwa dharau ya mtu aliyesoma. Alisema Waingereza hawana kazi. Alisema hayo akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ameitandaza, amevaa msuli.

Shombo alikuwa chini ya kiti.

Tofauti kati ya msuli na suruali ya Mellor ni kwamba msuli hauna pa kufungia kamba, kwa hiyo kuingia ni rahisi. Kutoka nako kungekuwa rahisi kama shemeji angetulia, lakini hakutulia. Fereti anayetikiswa huona usalama uko juu. Mzee jirani, ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha jambo, alitoa saa yake mfukoni akaitazama. Mama alifunika macho kwa mtandio, akaacha upenyo. Mwishowe shemeji aliufungua msuli wote, akaingia ndani kwa mbio akiwa na fulana peke yake. Shombo alibaki juu ya majani, amejifunika msuli, amelala. Hakung'ata, na hilo nalisema kwa kumtetea. Sekunde tisa, alisema mzee. Kwa mgeni si haba.

Tukio la friza lilikuwa zito zaidi kwa sababu lilitokea mbele ya wageni. Fereti hula nyama, nyama tu, na utumbo wake ni mfupi: chakula hupita kwa saa tatu au nne, kisha hudai kingine. Chakula kilicho rahisi kupatikana ni vifaranga wa siku moja, madume ambao mashamba ya mayai hayana haja nao, waliogandishwa na kuuzwa kwa mfuko. Mama alipouona mfuko huo umelala ubavuni mwa sambusa alizokunja kwa mikono yake, hakupiga kelele. Aliuliza tu kama vifaranga wamechinjwa. Nikanyamaza. "Basi ni mzoga," akasema, "na mzoga haukai na sambusa zangu." Tukaafikiana: vifaranga watiwe kwenye mkebe wenye mfuniko, droo ya chini kabisa, peke yao.

Mkebe uliokuwepo ulikuwa wa aiskrimu. Mtoto yeyote aliyelelewa na Waswahili anajua kwamba mkebe wa aiskrimu kwenye friza una maharage, au tui, au samaki wa wiki ijayo, na amekwisha kata tamaa nao. Lakini Oktoba tulipofanya maulidi alikuja mgeni mmoja na mwanawe mdogo ambaye bado alikuwa na imani na dunia. Tulikuwa tumesimama kwenye kiyamu, marashi yanazungushwa, ukelele ukatoka jikoni. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya friza, kijiko mkononi, na mkebeni vichwa vya manjano vimejipanga vinamtazama. Mama yake alifika, akatazama, akalifunga friza polepole. Waliondoka na sahani yao ya pilau imefungwa kwa karatasi ya foili, lakini sambusa hawakuzigusa. Mama hajanisamehe kwa ajili ya zile sambusa.

Na kazi yenyewe? Hufanyika Oktoba hadi Machi, majani yakishapungua na sungura wakiwa hawana vichanga shimoni. Mwenye shamba jirani na bustani alinipa kibali cha maandishi. Kwanza unatafuta mashimo yote ya kiota kimoja, pamoja na yale yaliyofichwa na miiba. Juu ya kila shimo unatandaza wavu mdogo wenye kamba pembeni, unaufunga kwa mambo. Husemi neno, maana sungura anasikia kila kitu. Unamwingiza fereti, unasubiri. Halafu udongo unatetemeka chini ya buti zako, unauhisi kabla ya kuusikia, na ghafla wavu mmoja unaruka, kamba inajikaza yenyewe, sungura yumo ndani mzima. Mama aliridhika na utaratibu huu. Fereti anafukuza, hajaua. Sungura tunamchinja wenyewe kwa bismillahi. Alimpika kwa nazi na bizari, akala paja, akasema kumbe huu ujanja wote ulikuwa wa kuficha utamu.

Mara nyingine lakini fereti humuua sungura humohumo, akala, akashiba, akalala. Kwa ajili hiyo huvalishwa ukosi wenye kirusha mawimbi, nawe unabaki na kipokezi kinacholia ukipita juu yake, ukajua pa kuchimba. Jumamosi ya tarehe 10 Desemba 2022 Karafuu aliingia na hakutoka. Nikawasha kipokezi. Kimya. Nikakifungua nyuma, hakina betri.

Betri zilikuwa kwenye rimoti. Siku hiyo Morocco ilikuwa inacheza na Ureno robo fainali ya Kombe la Dunia, na shemeji alikuwa ameona hatari ya rimoti kuzimika katikati ya mchezo. Hakuona hatari nyingine.

Basi nikachimba kwa kubahatisha, kwenye ardhi iliyoganda kwa baridi ya wiki ile, chepe linagonga kama nachimba barabara. Mzee jirani alikuwa amekaa nyuma yangu na chupa yake ya chai. Jua la Desemba huku halifiki saa kumi jioni. Nikiwa nimelala kifudifudi, mkono wote umezama shimoni, simu ikalia. "Shemeji! En-Nesyri! Kwa kichwa!" Nikamwambia neno moja tu, betri, akadhani nashangilia. Morocco ikashinda 1-0, nchi ya kwanza ya Afrika kuingia nusu fainali, na mimi historia hiyo niliipokea na udongo mdomoni. Nilipoinuka nikamkuta Karafuu kwenye kisanduku chake, analala. Alikuwa ametoka kwa tundu la upande wa pili zamani. Mzee alikuwa amemwona. Alisema hakutaka kunikatisha, kwa sababu nilikuwa nachimba vizuri.

Januari shemeji alishikwa na homa ya mafua, na baada ya siku chache Karafuu akaanza kupiga chafya. Daktari wa mifugo hakumgusa kwanza. Aliuliza nani anakohoa nyumbani. Fereti hupata mafua ya binadamu, na hurudisha. Mwaka 1933 wanasayansi wa London, Wilson Smith, Andrewes na Laidlaw, walikitambua kirusi cha mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti, na mmoja wa fereti hao akampigia Smith chafya ya uso, naye akaugua. Nyumba nzima ilimtazama shemeji. Alitengwa chumbani. Karafuu alipelekewa supu.

Mama alikuwa anafunga mizigo, viza imekaribia kwisha. Binti yangu, kwa kumfariji, alimsomea kwamba Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa miaka 2,000 iliyopita, aliandika kuwa wanyama hawa wa kuwinda sungura walipelekwa Hispania kutoka Libya, yaani Afrika ya Kaskazini. Mama akauliza wao walipataje kukaa muda wote huo bila ya kurudishwa kwao.

Masika yalileta jambo la mwisho. Fereti jike akipata joto haliishi mpaka apandwe, na likiendelea sana damu yake hupungua mpaka afe. Mama, kwa simu, aliona ni rahisi: waozeni. Daktari alitoa njia mbili: sindano, au dume aliyekatwa mishipa ya uzazi, ambaye hufanya kazi yote bila ya watoto. Shemeji aliondoka chumbani hapo hapo. Tulichagua sindano, maana mke wangu alisema fereti wa tatu akiingia kwa mlango yeye atatoka kwa dirisha.

Mama anarudi Julai. Masharti yake ameyatuma kwa ujumbe wa sauti: bafu lipigwe rangi, kandambili zake zikae juu ya kabati, na chakula cha fereti kisilale tena nyumba moja na sambusa zake. Hayo mawili ya mwanzo nimeyatimiza. Kwa hili la tatu nakuomba wewe msomaji uliye huku Uingereza, uwe Leicester, Reading au Glasgow: kama una friza ndogo ya kuuza, yenye kufuli na inayoweza kukaa bandani, nipe bei. Gari la kuibebea ninalo, na shemeji ataibeba.